Pakiti Imepotelea Chukwani: Mwongozo wa Kuisaka Bila Kuzima Fayawoli

Mwongozo huu ni wa kijana mmoja ambaye yupo katika kila ofisi ya Unguja kuanzia Mazizini hadi Fumba. Alisomea kompyuta, au alisomea kitu chengine akaonekana siku moja anatengeneza printa, na tangu hapo kila chenye waya kikawa chake: rauta, kamera za uani, mashine ya fotokopi, na seva iliyowekwa kabatini pamoja na mafaili ya zamani. Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki tena. "IT, mfumo haufunguki." IT anaweka kikombe chini, anakwenda.

Chukwani kazi zake haziishi. Baraza la Wawakilishi liko hapo. Chuo Kikuu cha SUMAIT, kilichoanza mwaka 1998 kama chuo cha ualimu, kiko hapo. Zikaja skuli, zahanati, ofisi za kutembeza watalii na nyumba za wageni, na kila mmoja sasa anataka mfumo: wa matokeo, wa wagonjwa, wa vyumba. Na mfumo siku hizi unakuja ndani ya kontena, yaani programu pamoja na kila inachohitaji, vimefungwa pamoja ili viendeshwe sawasawa kwenye seva yoyote. Solomon Hykes alipoionyesha Docker, programu ya kuendeshea makontena hayo, hadharani huko Marekani mwezi Machi 2013, alieleza mambo yake kwa dakika chache tu. Wewe unalipia dakika hizo kwa usiku mzima.

Unalipia kwa sababu kontena halikai kwenye mtandao wa ofisi. Docker inaliweka nyuma ya daraja la kubuni liitwalo docker0, lenye anwani 172.17.0.1, na kontena la kwanza linapewa 172.17.0.2. Simu ya mwalimu mkuu haiijui anwani hiyo na haina njia ya kuifikia. Kinachofanyika ni kuifunga poti moja ya seva na poti ya kontena, tuseme 8080 ya seva na 80 ya kontena, kisha kernel ya Linux ibadilishe anwani ya kila pakiti inayopita. Kila jambo nitakaloeleza hapa linatokea ndani ya ubadilishaji huo au pembezoni mwake.

Dawa zisizotibu

Tuanze kwa kuziondoa mezani dawa za fundi wa haraka, kwa sababu zinaua wagonjwa na mwenyewe anazilipisha.

Ya kwanza ni `sudo ufw disable`. Fundi anafika, anazima fayawoli, anaburudisha ukurasa, ukurasa hautoki. Anaendelea na mambo mengine. Fayawoli inabaki imezimwa mpaka Ramadhani nyengine. Na ajabu yake ni kwamba, kwa poti iliyochapishwa na Docker, ufw haikuwa njiani tangu mwanzo. Nitalirudia jambo hili hapo chini, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Ya pili ni `iptables -F`. Hii inafuta kanuni zote za kuchuja pakiti, zikiwemo zile ambazo Docker yenyewe iliziandika. Sera ya FORWARD, mnyororo wa kanuni unaosimamia pakiti za kupita tu, haifutiki. Tangu toleo la 1.13, lililotoka Januari 2017, kwa kawaida Docker huiweka sera hiyo kuwa DROP. Kwa hiyo kanuni za kuruhusu zimekwenda, amri ya kukataa imebaki, na mfumo uliokuwa unasumbua nusu sasa umekufa wote. Ukishafanya hivyo, endesha `sudo systemctl restart docker`, Docker itaandika kanuni zake upya. Halafu usirudie.

Ya tatu ni `--network host`, inayoliondoa daraja kabisa. Ukurasa unatoka, watu wanapiga makofi. Kesho linakuja kontena la pili linalotaka poti ile ile, haliwaki, na ule utengano uliokufanya utumie makontena haupo tena. Ya nne ni `--privileged`, inayolipa kontena mamlaka ya seva nzima. Haina uhusiano wowote na poti. Anayeiweka kwa sababu ya poti aulizwe alikoisoma.

Sikiliza kosa linasema nini

Kabla hujagusa kitu, soma kosa lenyewe, maana makosa haya mawili si ndugu.

"Connection refused" maana yake pakiti ilifika mahali na mashine ikajibu kwamba hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Njia ipo, programu ndiyo haipo, au poti siyo. "Connection timed out" maana yake hakuna aliyejibu: pakiti imetupwa njiani kimya kimya, au imekwenda kwenye anwani isiyo na mtu, au jibu limeshindwa kurudi. Kosa la kwanza lakupeleka ndani ya kontena, la pili lakupeleka kwenye kanuni, njia na rauta. Kijana anayejua tofauti hii peke yake ameshapunguza nusu ya usiku.

Anzia ndani, toka nje

Watu wengi wanasaka kuanzia kwenye simu ya mwalimu mkuu kuelekea kwenye seva. Geuza. Anzia pale programu ilipo, utoke hatua kwa hatua, na kila hatua iulize swali moja tu.

Swali la kwanza: programu inasikiliza wapi? Ingia kwa `docker exec`, uendeshe `ss -tln`. Kama picha ya kontena ni ndogo mno na haina `ss`, tumia `nsenter` kutoka kwenye seva. Tazama safu ya anwani kwa makini. Ukiona `0.0.0.0:80`, sawa. Ukiona `127.0.0.1:80`, hapo hapo umempata mwizi. Programu inajisikiliza yenyewe ndani ya kontena lake, na pakiti zinazokuja kupitia darajani zinalenga 172.17.0.2, anwani ambayo haikuisikiliza. Mifumo mingi ya kutengenezea tovuti huanza hivyo ikiwa katika hali ya majaribio. Flask na Django ni miongoni mwao. Dalili yake ni nzuri kuijua: kutoka kwenye simu unapata "refused", na ukijaribu `curl localhost:8080` kwenye seva yenyewe unapata "Connection reset by peer", kwa sababu kuna mchakato mdogo wa Docker, docker-proxy, unaopokea simu kisha haupati wa kumkabidhi. Fayawoli haihusiki hata chembe. Badilisha programu isikilize 0.0.0.0 ndani ya kontena, basi.

Swali la pili: poti imechapishwa? Endesha `docker ps`, utazame safu ya mwisho kabla ya jina. `0.0.0.0:8080->80/tcp` ina mshale, imechapishwa. `80/tcp` peke yake, bila mshale, haijachapishwa. Neno EXPOSE ndani ya Dockerfile ni maelezo kwa msomaji na halifungui chochote. Kinachofungua ni `-p`, au `ports` kwenye faili la Docker Compose. Na mpangilio ni seva kwanza, kontena baadaye. Kuandika `80:8080` badala ya `8080:80` kumewakosesha usingizi watu wenye shahada mbili.

Kisha piga curl mara nne, kwa utaratibu huu: kwenda 172.17.0.2:80, kwenda localhost:8080, kwenda anwani ya seva kwenye mtandao wa ofisi, tuseme 192.168.1.10:8080, na ya nne kutoka kwenye kompyuta nyengine hapo hapo ofisini. Pale inapokatika kwa mara ya kwanza ndipo pa kuchimba. Usiruke hata moja kwa kuwa una haraka. Haraka ndiyo iliyokuweka hapo tangu adhuhuri.

Hesabu za kernel hazina upendeleo

Kama tatu za kwanza zimepita na ya nne imekwama, sasa ndio unaziendea kanuni. Endesha `sudo iptables -t nat -L DOCKER -n -v`. Mwanzoni mwa kila mstari kuna namba mbili: idadi ya pakiti na idadi ya baiti zilizoukuta mstari huo. Zisome, mwambie mwenzako aburudishe ukurasa kwenye simu, zisome tena. Zikipanda, pakiti imefika kwenye seva na anwani yake imebadilishwa. Zisipopanda, pakiti haijafika kabisa: tatizo ni rauta, Wi-Fi ya wageni iliyotengwa na mtandao wa ofisi, au umeandika anwani ya seva isiyo yenyewe.

Zikipanda hapo, nenda kwenye `sudo iptables -L DOCKER-USER -n -v`, mnyororo ambao Docker imekuachia wewe uweke kanuni zako. Hakikisha pia `sysctl net.ipv4.ip_forward` inatoa 1. Ikitoa 0, seva haipitishi pakiti ya mtu yeyote. Mara nyingi kuna hati ya "kuimarisha usalama" iliyonakiliwa mahali ikaendeshwa bila kusomwa. Mwisho kabisa, `sudo tcpdump -ni docker0 port 80` itakuonyesha pakiti zenyewe zikipita darajani. Ukitumia Compose, daraja lako si docker0. Lina jina linaloanza na `br-`, na `ip link` italikutajia.

Kuna hali moja ambapo ufw inazuia kweli, nayo watu huisahau. Kontena linapotaka huduma iliyo kwenye seva yenyewe, kwa mfano PostgreSQL iliyosakinishwa moja kwa moja na haimo kontenani, pakiti inaingia kupitia mnyororo wa INPUT, na huko ufw ndiye mwenye kauli. Fungua `journalctl -k` utaona mstari wenye `[UFW BLOCK] IN=docker0` na mbele yake `DPT=5432`. Huo ni ushahidi kamili, una jina la daraja na namba ya poti. Jibu lake ni `sudo ufw allow in on docker0 to any port 5432 proto tcp`, na kuhakikisha PostgreSQL nayo inasikiliza kwenye 172.17.0.1. Mstari mmoja, mlango mmoja.

Anwani zinapogongana

Hili ni la vyuo na ofisi kubwa. Seva inafunguka kutoka jengo lake, haifunguki kutoka jengo la pili, na hakuna aliyegusa kitu isipokuwa kuna mtu aliweka mradi mpya wa Compose wiki iliyopita. Docker hugawa mitandao yake kuanzia 172.17.0.0/16, na kila mradi unapewa mwengine: 172.18, 172.19, kuendelea. Aliyepanga mtandao wa chuo naye amechagua humo humo, kwa sababu anwani kuanzia 172.16 hadi 172.31 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tangu miaka ya 1990. Jengo la pili likiwa 172.18, seva inapotaka kulijibu inadhani liko nyuma ya daraja lake, na jibu linapotelea humo. Pakiti ilifika, jibu ndilo halikurudi. Linganisha `ip route` ya seva na ramani ya mtandao wa chuo, kisha weka `default-address-pools` ndani ya `/etc/docker/daemon.json` uchague kipande kisichotumiwa na mtu. Itabidi mitandao iliyokwisha kuundwa ifutwe na kuundwa upya, kwa hiyo fanya siku ya Ijumaa baada ya sala, watu wakiwa wameshaondoka.

Umeme, kebo na rauta ya laini

Unguja inapata umeme wake kutoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waliokuwepo Disemba 2009 wanakumbuka kisiwa kikikaa gizani kiasi cha miezi mitatu. Kebo kubwa zaidi, ya megawati 100, ilikuja mwaka 2013, lakini kabati lako bado litakatikiwa na umeme siku moja, na seva itawaka yenyewe wewe ukiwa Jambiani harusini. Andika `restart: unless-stopped`. Zihifadhi kanuni zako za iptables, maana zisipohifadhiwa hazirudi. Na usiandike kanuni yoyote kwa anwani ya kontena: aliyekuwa 172.17.0.2 kabla ya umeme kukatika anaweza kuwa 172.17.0.3 baada ya kurudi.

Kabla ya kulaumu daraja, hakikisha intaneti ipo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo hakuna kanuni ya iptables itakayokusaidia.

Na kama ofisi yako inatumia rauta ya laini ya simu, fungua ukurasa wake utazame anwani ya upande wa nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, kampuni ya simu imekuweka nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine wengi, na hakuna poti utakayoifungua kwenye rauta itakayoonekana duniani. Usihangaike nayo. Omba anwani ya umma, au kodi seva ndogo nje na uiunganishe na ya kwako kwa WireGuard.

Poti ambayo hakuna anayeilalamikia

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Poti iliyofungwa kwa makosa ina watetezi: mwalimu mkuu anapiga simu, mhasibu anapiga simu, mgeni wa chumba namba tatu anakuja mapokezi. Poti iliyofunguliwa kwa makosa haina mtetezi hata mmoja. Kila kitu kinafanya kazi. Na hiyo ndiyo inayoangamiza.

Chukua nyumba ya Mji Mkongwe yenye mlango wa nakshi na bawabu anayekaa barazani akiuliza kila anayeingia. Ufw ni bawabu huyo. Anasimama kwenye INPUT, mlango wa wageni wa seva. Docker imetoboa mlango mwengine upande wa uchochoroni. Anwani ya pakiti inabadilishwa mapema, kwenye PREROUTING, kabla seva haijaamua iende wapi. Ikishabadilishwa si mgeni wa seva tena, ni ya kupita tu kwenda kontenani, basi inapitia FORWARD. Bawabu haioni. Unaandika `ufw deny 5432`, unaendesha `ufw status`, inakuonyesha DENY kwa herufi kubwa, na hifadhidata yako iko wazi kwa ulimwengu wote. Skrini haikusema uongo. Imejibu kuhusu mlango wake.

Na kwenye faili la Compose aliloliandika mtu wa mafunzo ya mtandaoni kuna mstari huu: `"5432:5432"`. Bila anwani mbele yake, Docker inaichapisha kwenye 0.0.0.0, yaani kila mlango wa seva. Kwenye kompyuta ya majaribio haina neno. Kwenye seva ya zahanati yenye anwani ya umma, ni majina ya wagonjwa, vipimo vyao na namba zao za simu, nyuma ya nenosiri ambalo mara nyingi bado ni `postgres`.

Wanaosaka milango hii hawachagui kisiwa. Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila nenosiri zilifutwa, zikaachwa na ujumbe wa kudai fidia. Mwaka 2020 virusi viitwavyo Kinsing vilikuwa vikiingia kwenye seva kupitia poti 2375, ile ya kuiamrisha Docker yenyewe, na kuzigeuza zichimbe sarafu za kidijitali. Ukikuta mchakato uitwao `kdevtmpfsi` unakula kichakato chote, usiutafutie maelezo mengine. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kisingizio cha kutojua kimekwisha.

Tiba yake ni rahisi, na ndiyo inayonisikitisha. Programu na hifadhidata vikiwa kwenye daraja moja uliloliunda mwenyewe, vinaitana kwa majina bila kuchapisha poti yoyote. Futa mstari wa `5432:5432`, hakuna kitakachovunjika. Ukiihitaji poti hiyo kwa kazi zako kwenye seva, andika `"127.0.0.1:5432:5432"`, na uhakikishe Docker yako ni toleo la 28 au baada yake, kwa sababu matoleo ya nyuma yaliwaruhusu walio kwenye mtandao ule ule kuzifikia hata poti zilizofungiwa kwa localhost. Ukihitaji kuzuia baadhi ya watu tu, weka kanuni kwenye DOCKER-USER, lakini kumbuka kwamba pakiti inapofika hapo poti imeshabadilishwa. Kanuni inayotaja 8080 haitakamata kitu ikiwa kontena linasikiliza 80. Tumia `-m conntrack --ctorigdstport 8080`, inayoangalia poti aliyoigonga mgeni mwanzoni.

Halafu jaribu kutoka nje, kwa sababu kutoka ndani hutaona. Leo jioni, kabla hujafunga ofisi, endesha `docker ps` na uandike kila poti yenye `0.0.0.0` mbele yake. Unganisha kompyuta kwenye bando la simu yako, mbali na Wi-Fi ya ofisi, na upige `nc -zv` kwenda anwani ya umma ya seva yako kwa kila poti uliyoiandika. Kama kuna inayojibu na huwezi kumweleza mwalimu mkuu kwa nini iko wazi, ifunge kwanza, halafu ndio urudi nyumbani.